Fataki zangu zimetoka nyeupe tupu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mkesha wa mwaka mpya nilipiga picha fataki za Burj Khalifa hapa Dubai ninakofanya kazi. Kamera ilikuwa kwenye stendi, shata (mlango unaopitisha mwanga) wazi sekunde 15, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400. Jengo na fataki vyote vimekuwa doa jeupe. Nimekosea wapi? — Msomaji, Deira

JIBU: Marahaba, mwanangu. Stendi umefanya vyema. Sekunde 15 ndizo zilizokuunguzia picha, yaani mwanga umezidi mno.

Cheche ya fataki haitulii. Inapita mbele ya lenzi na kuacha mstari, kwa hiyo ung'avu wa mstari huo unautawala kwa tundu la lenzi na ISO. Muda wa shata unaamua fataki ngapi zitarundikana kwenye picha moja. Lakini jengo, mita 828 zilizojaa taa, halisogei hata kidogo. Kila sekunde linazidi kuungua. Fataki za pale tena hufyatuka kutoka kwenye jengo lenyewe, tena kwa wingi.

Weka ISO 100, tundu f/11 (yaani dogo), shata sekunde 2 mpaka 3. Lenga jengo mapema, kisha zima ulengaji wa otomatiki, usije ukahangaika gizani. Tumia rimoti, maana kidole kinatikisa kamera.

Na dakika ya kwanza usiipoteze kwa kurekebisha mitambo! Ndiyo yenye anga safi. Baadaye moshi hutanda na kumeza rangi, hasa upepo ukikuelekea wewe. Mimi huangalia bendera jioni, ndipo nachagua pa kusimama.