Maswali yenu: Nyumba, watoto na kampeni za wadi

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 10, 2027, na maswali ya safari hii yametoka katika nyumba ambamo mtu mmoja ameshatangaza kuwania kiti cha MCA, yaani mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti.

Mume wangu anawania. Saa 11 alfajiri watu wamejaa sebuleni, watoto hawana pa kuvalia sare. Nikiwafukuza nitaambiwa nina maringo. – Mke wa mwaniaji, Malindi

Usiwafukuze, wahamishe. Mgeni wa kampeni akishaketi kwenye kochi hainuki mpaka amwone mheshimiwa (na mtu huitwa mheshimiwa tangu siku anapotangaza, kura bado iko mbali). Weka mabenchi nje, chini ya mwembe au turubai, kisha tangaza saa: kuanzia saa 1:30 hadi saa 2:30 asubuhi. Sheria iko upande wako, kwani kipindi rasmi cha kampeni kikifika, kampeni zinaruhusiwa saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Langoni akae kijana mwenye daftari aandike jina, kijiji, namba ya simu na shida. Wengi wana jambo moja tu, la karo, mgonjwa au mpaka wa shamba, na likishaandikwa mbele ya macho yao wanaondoka.

Sasa chai. Kwa watu 30, kikombe kimoja kimoja, pika lita 6: maji lita 3, maziwa lita 3, sukari gramu 300. Kampeni rasmi za 2022 zilianza Mei 29 zikaisha Agosti 6, siku 70. Kwa mwendo huo utamaliza maziwa lita 210 na sukari kilo 21, na mahamri hujayahesabu. Gharama hiyo iandikwe kwenye daftari la kampeni. Ikitoka kimyakimya kwenye pesa za jikoni, mwezi wa pili unga wa watoto ndio utakaopungua na hutajua ulipokwenda. Tena angalia unayempa: chai ya wanaofanya kazi ya kampeni haina neno, lakini kulisha wapiga kura ili wamchague mumeo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016.

Mke wangu ni mwalimu wa serikali na anataka kuwania. Tuna mkopo wa Sacco na watoto wawili sekondari. Tutaishi vipi? – Baba Amani, Voi

Mtumishi wa umma anatakiwa ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya uchaguzi, yaani mapema Februari 2027. Shikeni tarehe itakayotangazwa na tume ya uchaguzi, IEBC. Linalosahaulika ni kwamba mchujo wa chama huja baada ya hapo. Mwaka 2022 vyama vilimaliza michujo Aprili. Kwa hiyo anaweza kujikuta Aprili hana tikiti na hana kazi, na hakuna sheria inayomrudisha darasani kwa sababu tu ameshindwa. Hesabuni miezi 8 bila mshahara wake, Februari hadi Septemba, kwa maana hata akishinda, malipo hayaji kesho yake.

Anzeni na mkopo. Ulikuwa ukikatwa kwenye payslip. Makato yakikoma deni halikomi, na Sacco itawageukia wadhamini, ambao ni walimu wenzake na ndio hao hao anaotegemea wampigie debe. Aende Sacco kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, aombe muda mrefu zaidi na awamu ndogo, na aulize ni akiba kiasi gani imefungwa kwa kuwadhamini wengine. Hiyo hataweza kuigusa.

Bima ya matibabu ya mwalimu nayo huisha na kazi. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, huwatoza wasio na mshahara kwa mwaka mzima, kwa mkupuo, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Wengi hulijua hilo hospitalini, mtoto akiwa na homa, wanapoambiwa michango haiko hai.

Karo za muhula wa kwanza na wa pili zilipeni kabla ya bango la kwanza kuchapishwa. Ada ya IEBC yenyewe haitawatisha: kwa MCA mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na wanawake walilipa nusu. Chama kina ada yake.

Pia tenganisheni laini za simu. Ya kampeni iwe na M-Pesa yake, ya nyumba asiijue mpambe yeyote. Mkichanganya, ombi la “mheshimiwa, tuachie kitu” litajibiwa kwa pesa za stima.

Ukoo wangu unataka nisimamie harambee ya paa la kanisa Januari 2027. Nikikataa nitaonekana mchoyo. – Mwaniaji, Taveta

Kataa. Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 26, inamzuia anayetaka kuwania kushiriki harambee ya umma kwa njia yoyote katika miezi 8 kabla ya uchaguzi mkuu, na adhabu yake ni kuondolewa kwenye kinyang’anyiro. Kwa Agosti 10, 2027, hesabu inaanza Desemba 10, 2026. Kumtuma shemeji na bahasha hakukuokoi. Harambee ya kuchangia kampeni yako mwenyewe haimo kwenye katazo hilo. Kifungu kichapishe, mpe mzee wa ukoo akisome yeye mbele ya wenzake. Neno hilo likitoka kwake halina uchoyo.

Nanyonyesha mtoto wa miezi 4 na ratiba yangu ni vijiji vitatu kwa siku. Mavyaa anasema nianze uji. – Mwaniaji, Kaloleni

Uji usubiri miezi 6 itimie. Kamua maziwa: kwa kila saa utakayokuwa nje, acha mililita 30 hadi 45, kwa hiyo saa 6 ni kama mililita 180 hadi 270. Yagawe kwenye vikombe vidogo vyenye vifuniko vilivyochemshwa, maana akishaanza kunywa kikombe, kilichobaki baada ya saa 2 kinamwagwa. Kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 maziwa hukaa saa 4, lakini nyumba ya bati mchana hupita hapo, kwa hiyo yawekwe kwenye kasha la kuhifadhi baridi lenye vipande vya barafu. Humo hukaa hadi saa 24. Kupasha ni kwenye bakuli la maji ya moto, yasichemke.

Wewe mwenyewe kamua kila baada ya saa 3. Ukipitisha, matiti yatajaa, yatauma, na homa inaweza kufuata. Katika kila kijiji chagua mapema nyumba ya mwanamke mmoja yenye chumba cha kufungwa, uende na leso na maji ya kunawa. Dakika 20 ziandikwe kwenye ratiba. Zisipoandikwa, hotuba ya mtu mwingine itazila.

Mimi na mume wangu tuko vyama tofauti. Bango la nani liwe kwenye lango? – Bila jina

La yeyote kati yenu lisiwepo. Lango ni la watoto pia.

Binti yangu wa chuo atakuwa ajenti wangu kwenye kituo cha kura. Atarudi saa ngapi? – Mwaniaji, Kwale

Huenda alfajiri ya siku ya pili. Kituo kinafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, walio kwenye foleni wapige kura kwanza, kisha nyadhifa 6 zihesabiwe. Kituo kimoja huweza kuwa na wapiga kura hadi 700. Mpe barua ya uteuzi, kitambulisho, biro mbili, maji lita 2, chapati na mayai, leso na betri ya akiba ya simu. Asitie saini Fomu 36A, ya matokeo ya MCA kituoni, kabla ya kulinganisha tarakimu na maneno, aipige picha, na asiondoke bila nakala. Mwenye boda wa kumrudisha mkubaliane naye tangu jana yake, na awe mtu anayejulikana nyumbani kwenu.