Jibu: Lailaki yangu haitoi maua, Arusha

Habari yako dada. Umesema lailaki yako, kile kichaka cha maua, hapo Njiro ina miaka mitatu, majani mazuri, lakini ua hata moja hujaliona.

Kwanza muulize aliyekuuzia mche ni aina gani. Kama ni Syringa vulgaris, ile ya kawaida ya Ulaya, tatizo si mbolea. Inahitaji wiki kadhaa za baridi kali ndipo macho ya maua yaamke, na baridi yetu ya Julai haifiki huko. Yangu pale Sakina niliihangaikia miaka minne, samadi kila msimu, ikazidi majani tu. Iliniuma sana kuing'oa.

Ukiweza kupata aina ya lailaki iitwayo 'Lavender Lady', jaribu hiyo. Ilizalishwa California kwa sehemu zenye baridi hafifu. Ipande penye jua, na ukipogoa, pogoa mara tu maua yanapokwisha, maana macho ya msimu ujao hujitunga mapema kwenye matawi yaleyale.

Halafu kuna mti wa Melia azedarach, ndugu wa mwarobaini, nao huitwa lailaki ya Uajemi. Huo hapa kwetu huchanua vizuri, ila matunda yake ni sumu. Usiupande watoto wanapochezea.