Kupima suruali ya mtumba bila kuivaa

Dada, umeuliza utajuaje suruali ya mtumba itakukaa wakati pale soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, huwezi kuijaribu. Ifunge kifungo, kisha zungushia kiuno chake shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kuvuta, kiuno kitakaa. Mapaja hayapimwi hivyo, kwa hiyo beba tepu ya fundi na vipimo vya suruali unayoipenda. Lebo usiziamini sana: 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani, na zote zimo kwenye rundo moja. Blauzi anza na mabega, maana kiuno fundi atakipunguza, mabega ni kazi. Halafu itoe juani ukague makwapa. Mimi nilishabeba jasho la mtu hadi nyumbani, tena baada ya kubishana bei nusu saa!