Chora ua mara nane kabla ya kugusa mwimo

Wanagenzi wengi wa nakshi za milango ya Unguja na Lamu huchora yungiyungi mara moja, na likipendeza kwenye karatasi hulihamishia moja kwa moja kwenye ubao. Kosa huonekana patasi ikishaingia, na mvule umeshaharibika.

Tuchukue mwimo, yaani mti wa wima wa pembeni mwa fremu ya mlango, wa upana wa sentimita 18 na urefu wa 210. Toa sentimita 2 kila upande kwa ajili ya nakshi ya mnyororo ya pembeni, ubakiwe na 14. Gawa urefu kabla hujachora hata jani: ua likirudiwa kila sentimita 21, yanaingia 10 kamili. Ukikisia kwa macho, la mwisho litakatwa nusu chini ya kizingiti cha juu, na hilo halina dawa.

Michoro mitano ya mwanzo iwe midogo, upana wa vidole vitatu, dakika mbili tatu kila mmoja. Mishipa ya majani iache. Tafuta tu shina linapinda wapi. Usifute. Chora upya pembeni na utie namba, kwani mara nyingi mchoro wa tatu una kitu ambacho wa tano umekipoteza.

Pa kukaa sana ni pale jani linapotoka kwenye shina. Liachane nalo polepole, kama kijia kinavyochepuka barabarani, lisisimame kama msumari uliogongewa. Weka penseli katikati ya shina, fuata mpaka ncha ya jani bila kuinua mkono. Ikilazimika kugeuka ghafla, rudia. Mpita njia hajui kwa nini nakshi imekufa, ila hapo ndipo ilipofia.

Mchoro wa sita uwe wa ukubwa halisi, na patasi uziweke juu yake. Ikiwa nyembamba kuliko zote ni ya milimita 6 nawe umeacha mwanya wa milimita 4 kati ya petali, mwanya huo hutausafisha. Upanue, au uunganishe petali. Shina linalokatisha nyuzi za ubao lifanye nene zaidi ya linalozifuata, maana hubaki na nyuzi fupi na hukatika kwa pigo moja.

Kisha paka penseli sehemu zote zitakazochimbwa, bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua nne. Doa jeusi likikuvuta jicho peke yake, pana pengo: ongeza jani au nenepesha shina. Huo ndio mchoro wa saba.

Sasa chonga ua moja kwenye kipande cha mti uleule, kina cha milimita 7. Kingo zikishaviringwa, petali huonekana nyembamba kuliko zilivyokuwa kwenye karatasi, kwa hiyo rudi mezani ukazinenepeshe. Mchoro huo wa nane ndio wa kuhamisha kwa kaboni, ukianzia chini kwenda juu. Kwa mwimo wa pili, geuza karatasi, ili mashina ya pande mbili yaelekeane.