Maswali ya Wasomaji: Kichupa cha kupimia choo Uholanzi

SWALI: Shikamooni. Mama yangu ana miaka 61, naishi naye Rotterdam. Ameletewa kwa posta kichupa cha kupimia choo, kipimo cha saratani ya utumbo mpana. Anasema haumwi, tena anaona aibu kutuma kinyesi kwa posta. Na mbona Umoja wa Ulaya unasema watu wapimwe kuanzia miaka 50, hapa wanaanza 55?

JIBU: Marahaba. Mwambie mama kipimo hiki ni cha wasioumwa. Kinatafuta damu isiyoonekana kwa macho, inayovuja kwenye vinyama vya utumbo mpana kabla havijageuka saratani, au kwenye saratani ambayo bado changa.

Atandaze karatasi chooni ili kinyesi kisiguse maji. Achome kinyesi sehemu kadhaa kwa kijiti cha kichupani. Choo kikishika kwenye mifereji ya ncha kinatosha, asirundike. Akirudishe kijiti kichupani, akifunge kichupa hadi kilie "ka!", aandike tarehe, kiende posta siku hiyohiyo. Tarehe husahaulika sana, na maabara wasipoijua hawawezi kujua choo kimekaa muda gani. Kikikaa, hasa kwenye joto, damu huharibika na majibu huja "salama" kumbe sivyo. Chakula ale kama kawaida.

Maabara wakikuta damu ya kutosha, hatua ya pili ni kolonoskopi: kamera nyembamba hupitishwa njia ya haja kubwa, na kinyama kikionekana mara nyingi hukatwa papo hapo. Hapo jiandaeni na pesa. Kichupa ni bure, ila kolonoskopi hupitia bima, na kile kiasi cha kujilipia kwanza kabla bima haijalipa, kilichokuwa yuro 385 mwaka 2025, kitamgusa kama hajakimaliza. Kwetu hii ni kasoro ya kweli ya sera: mtu anakaribishwa bure mlangoni, akishaingia ndani anadaiwa.

Kuhusu umri, Baraza la Umoja wa Ulaya lilipendekeza miaka 50 hadi 74 Desemba 2022. Ni pendekezo, si sheria. Kila nchi hupanga afya yake. Kinachobana ni nafasi za kolonoskopi. Uholanzi ilipoanza 2014, aliyekutwa na mikrogramu 15 za himoglobini (kitu chekundu cha damu) kwa gramu ya choo aliitwa kwa kolonoskopi. Wakajitokeza wengi kuliko hesabu, foleni zikafurika, na mwaka huohuo kiwango kikapandishwa hadi 47.

Kwa hiyo mama akiandikiwa kwamba yuko sawa, maana yake yuko chini ya 47, si sifuri. Akiona damu chooni, au choo kikibadilika na kubaki hivyo wiki kadhaa, aende kwa daktari wa familia. Asingojee kichupa kingine baada ya miaka 2.