Ana machale, au ana mkono tu?

SWALI: Kocha, shikamoo. Mtoto wa kaka yangu yuko Marekani, ana miaka 16, anacheza ule mpira wao wa kushika kwa mikono, futiboli ya Kimarekani. Yeye ndiye kwotabeki. Kaka hunitumia video WhatsApp nami huzitazama hapa dukani mpaka bando linakata. Sasa mwalimu wake kamwambia kaka kwamba kijana ana mkono wenye nguvu, ila akibanwa hana machale. Kaka kaumia sana. Je, machale mtu huzaliwa nayo? Na mimi nisiyejua mchezo wenyewe nitayaonaje?
– Shangazi, Nyegezi

JIBU: Marahaba, mama. Mpira ule nimeanza kuutazama uzeeni kwa sababu ya kukosa usingizi. Fainali yao, Super Bowl, kwetu huanza saa nane na nusu usiku, saa ambayo mtaani kwangu wako macho mbwa na mimi. Kazi yangu ilikuwa soka. Nimechambua vijana Nyamagana, Mwanza, tangu uwanja ule ni vumbi tupu, kabla ya nyasi bandia, na hilo la machale limenitesa kuliko jingine lolote.

Sheria kwa ufupi. Kwotabeki anapewa mpira na mwenzake aliyeinama mbele yake, na watu watano wanasimama ukuta kumkinga. Ana kama sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika, amtafute mwenzake aliye huru na kumrushia. Ukuta ukivuja, anavamiwa na mijitu ya kilo 120. Akiangushwa akiwa na mpira mkononi, timu inarudi nyuma. Wenyewe huita seki.

Sasa zima sauti ya simu na usiufuate mpira hata kidogo. Tazama miguu yake. Mtoto asiye na machale akisikia kishindo anafanya moja kati ya mawili: anaganda kama nguzo ya umeme, au anatimua mbio wakati hajaguswa na mtu. Hili la pili ndilo baya zaidi, maana watu hulipigia makofi wakidhani ni wepesi. Mwenye machale anasogea hatua moja, pengine nusu, anampisha mvamizi apite na hewa, na mpira bado ameushika kwa mikono miwili kifuani. Kisha tazama kofia yake inaelekea wapi. Ikiinama kuwatazama wanaomjia, ameshapotea. Ikibaki imeelekea mbele kwa wenzake huku miguu inahama yenyewe, mpigie kaka yako simu umwambie ameumia bure.

Mfano wa hilo ni kwotabeki Tom Brady. Kwao timu za ligi kuu huchagua vijana kwa zamu, mmoja mmoja. Kabla ya kuchaguliwa alipimwa mbio za yadi 40, akatumia sekunde 5.28, hata mimi na goti hili nisingeaibika sana. Mwaka 2000 alichaguliwa wa 199. Akaja kutwaa Super Bowl saba. Hakuwa mkimbiaji, alikuwa mtu wa hatua moja.

Watu watakuletea ile ya Eli Manning, kwotabeki wa New York Giants, fainali ya Februari 2008, alivyoshikwa jezi na watu wawili, akachomoka, akarusha, na mwenzake David Tyree akaudaka mpira akiubana kwenye kofia yake. Giants wakashinda 17-14. Tamu kweli, nimeitazama mara nyingi. Lakini kumchomoka mtu ndiyo machale. Kuurusha katikati ya kundi la maadui ilikuwa kamari, na Tyree ndiye aliyeilipa. Usimpime mtoto kwa jambo ambalo akilirudia mara kumi litamshinda mara tisa.

Mimi mwenyewe nilishachemsha. Miaka mingi iliyopita nilimwacha kijana mmoja kwenye mchujo kwa sababu saa yangu ya mkononi ilisema ni mzito. Siku ya mwisho mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope, nikamwona akicheza na wenzake walioachwa. Kila mara kabla mpira haujamfikia aligeuza shingo mara mbili, kushoto, kulia, kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Mpira ulipofika alishajua pa kuupeleka. Nikaona, na bado sikurudisha jina lake, kwa kiburi tu. Baadaye alinifunga akiwa timu nyingine.

Kuhusu kuzaliwa nayo: kwa nilivyoona, woga mtu huzaliwa nao, machale yanakuja kwa kuona jambo lilelile mara mia. Ndiyo maana muulize kaka maswali mawili. Kijana ameanza lini nafasi hiyo? Na ukuta wake ukoje? Mwaka 2002 Houston Texans, timu changa, walimchagua kwotabeki David Carr wa kwanza kabisa, na msimu huo akaangushwa mara 76, rekodi ya ligi. Mtu aliyepigwa hivyo ataanza kusikia vishindo hata pasipo na mtu. Huyo ulimpeleka vitani bila ngao, huwezi kusema hana machale.

Halafu mwambie kaka aache kukutumia zile za kurusha mbali. Wazazi wote hutuma mabao! Atume tatu alizoangushwa, na kila moja aiache iendelee mpaka mchezo unaofuata, uone anavyoinuka na anarusha vipi mara ya pili.

SWALI: Mwanangu ni kipa. Penalti zote anaruka kabla haijapigwa. Nimfanye nini?
– Baba Kipa, Ukerewe

JIBU: Ni ugonjwa uleule wa hapo juu, anamkimbia asiyemgusa. Kwanza akumbuke sheria: mpira unapopigwa, walau mguu mmoja uwe unagusa mstari wa goli, au uko usawa wake au nyuma yake, la sivyo hata akidaka unaweza kurudiwa. Jioni mpeleke ufukweni, umpigie penalti ishirini, na marufuku kuruka. Asimame tu, akuambie kwa sauti upande gani kabla mpira haujampita. Akianza kupatia nyingi, mruhusu aruke.