Dawa kidogo ndani ya tindikali

SWALI: Natoa kutu kwenye vipande vya chuma kwa kuviloweka katika tindikali ya haidrokloriki kabla havijapakwa zinki. Kutu inatoka, lakini chuma chenyewe nacho kinaliwa hadi kinaota vishimo. Nimeshauriwa nitie dawa kidogo ya kampaundi za kikaboni. Kama dawa inazuia tindikali isile chuma, mbona haizuii isile kutu?

JIBU: Hapo umegusa kiini chenyewe. Dawa haipunguzi ukali wa tindikali, bali inang'ang'ania chuma. Molekuli zake, mathalani za imidazolini, zina atomi za nitrojeni (nyingine salfa au oksijeni) zenye jozi ya elektroni za ziada, na chuma kitupu kiko tayari kuzipokea. Tena ndani ya haidrokloriki ioni za kloraidi hutangulia kujibandika kwenye chuma na kukipa chaji hasi. Molekuli za dawa, ambazo tindikali imezipa chaji chanya, huvutwa hapohapo. Kutu ni oksidi. Dawa haiishiki kwa nguvu hiyo, basi inaendelea kuyeyuka. Na kwa kuwa utando wa molekuli moja tu waweza kutosha, dawa inayohitajika ni kidogo mno.

Nakusihi upime kabla ya kumwaga dawa kwenye pipa zima. Kata vipande viwili sawa kutoka bamba moja, visugue kwa msasa, ondoa mafuta, kausha, kisha pima kwa mizani ya miligramu. Vitundike kwa uzi katika glasi mbili za tindikali, moja yenye dawa. Kile kisicho na dawa kitatoa mapovu mengi ya haidrojeni. Kwenye kingine utaona povu mojamoja. Baada ya saa zilezile, suuza, kausha, pima tena. Kimoja kikipoteza miligramu 200 na kingine 20, kinga ni asilimia 90.

Ila mapovu na mizani havisemi yote. Thayourea, mojawapo ya dawa hizi zenye salfa, hupunguza ulaji wa chuma, lakini yaweza kuisaidia haidrojeni kupenya ndani, na chuma kigumu hupasuka baadaye kikiwa kazini. Kwa springi na bolti ngumu mimi siitaki kabisa.

Jaribio lifanye kwa joto lilelile la pipa lako, maana joto likipanda dawa nyingi hubanduka.